Kampa ya mamilioni, bolti za buku tano

Kila ikikaribia Desemba maswali ya kampa, zile tela za kulala safarini, huja kwa mafungu. Mengine nimeyajibu mwaka jana na mwaka juzi, kwa hiyo mkiona jibu limekuwa fupi msinune. Neno tobaa, yaani kile chuma cha nyuma ya gari kinachofungiwa tela, naliandika kwa a mbili ili lisichanganywe na toba ya dhambi, ingawa baadhi yenu, kwa nilivyoona mlivyofunga tela zenu, mnazihitaji zote mbili.

Shikamoo fundi. Nina Prado na nimenunua kampa iliyotoka Afrika Kusini. Fundi wa mtaani kwetu anasema atanichomelea tobaa kwenye bampa la nyuma kwa nusu ya bei ya dukani. Nikubali? – Msomaji, Njiro, Arusha

Marahaba. Usikubali.

Bampa la gari lako ni plastiki yenye chuma chepesi nyuma yake. Limewekwa lipokee kugongwa, halikuwekwa livute nyumba. Tobaa hushika chesisi, kushoto na kulia, kwa bolti. Na bolti zenyewe zitazame kichwani: ziwe na namba 8.8 au 10.9. Isiyo na namba ibaki kwenye geti la kuku. Baada ya safari ya kwanza ingia chini ya gari na spana, uzikaze tena, maana rangi na kutu vikishakandamizwa bolti hulegea.

Atakwambia, "Basi nichomelee kwenye chesisi yenyewe." Nako hapana. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kilicho pembeni ya kiungo, na ufa hupenda kuanzia hapo hapo. Tena mtu akichomelea bila kufungua betri anaweza kukuunguzia kompyuta ya gari, halafu uje kuniandikia kuhusu taa ya injini.

Mezani kwangu nina kipande cha tobaa iliyokatika. Ni yangu mwenyewe, ya enzi nilipokuwa najifanya mjanja. Kilipokatika pana rangi mbili: sehemu kubwa ni nyeusi yenye kutu, na pembeni pana doa jeupe linalong'aa, halizidi ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Ile nyeusi ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea polepole kila nilipopita tuta. Lile doa jeupe ndilo chuma pekee kilichokuwa kimebaki kikivuta tela siku ile. Tela ilinipita kwa upande wa kushoto, ikaingia kwenye shamba la alizeti. Hakukuwa na mtu. Mlio wa minyororo ikikatika bado naukumbuka.

Umetoa mamilioni kununua kampa yenye friji na jiko, halafu unatafuta nafuu kwenye kitu kimoja tu kinachoishikilia.

Nipo Minneapolis, Marekani, narudi nyumbani kwa kudumu. Nataka kuisafirisha kampa yangu hadi Dar. Kuna tatizo la tobaa? – Dada wa ughaibuni

Dada, tobaa ndilo tatizo dogo kuliko yote. Gololi ya kwenu, lile tufe la tobaa linaloingia kwenye kikombe cha mkono wa tela, mara nyingi ni ya inchi 2, yaani milimita 50.8. Zinazotoka Afrika Kusini na Ulaya ni za milimita 50 kamili. Watu husikia hivyo wakasema ni kitu kimoja. Kikombe cha inchi 2 ukikiweka juu ya gololi ya 50 kitakaa, kitafunga, na kitacheza. Kikicheza kinakula gololi, na siku ya tuta kubwa kinaweza kuruka. Njoo na gololi yako huko huko uliko, ina thamani kuliko mito ya sofa unayotaka kubeba.

Ila sikiliza ambayo hukuuliza. Mlango wa kampa ya Kimarekani uko upande wa kulia. Huku tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara watoto wako watashukia kwenye malori. Umeme wake ni volti 120, wetu 230. Usichomeke kabla fundi umeme hajaangalia. Taa zake za nyuma nyingi hutumia taa moja nyekundu kwa breki na indiketa, gari la hapa lina waya tofauti kwa kila kazi, kwa hiyo utahitaji kisanduku cha kubadilisha. Piga hesabu kabla ya kulipia meli. Mimi ningeiuza huko.

Nikipitwa na lori pale karibu na Salama, barabara ya Mombasa, trela inaanza kupiga mkia. Nimeshauriwa niongeze mwendo ili inyooke. – Msomaji, Machakos

Aliyekushauri usipande gari lake.

Tela ikianza kuyumba toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, iache ipoe. Usikanyage breki kwa pupa wala usipigane nayo kwa usukani. Kama ina breki za umeme, zibonyeze taratibu kwa mkono bila kugusa za gari. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye upakiaji.

Mkono wa tela unatakiwa uilalie gololi. Kwa kampa lenga kama asilimia 10 ya uzito wote, bila kuzidi kile kilichoandikwa kwenye kibati cha tobaa na kitabu cha gari. Kampa ya kilo 1,200 basi ilalie kama kilo 120. Nikiwauliza wenye kampa inalalia kilo ngapi, wananitazama kama nimewauliza umri wa mama mkwe.

Kupima hakuhitaji maabara. Azima mizani ya kuning'iniza ya wapima magunia, ile ya kilo 200. Ziba magurudumu ya kampa kwa mawe, mbele na nyuma. Funga mizani kwenye tawi nene la mwembe au boriti unayoiamini, ndoano yake ishike mkono wa tela penye kikombe, kamba iwe imekaza na kampa iko usawa. Halafu zungusha hendeli ya lile gurudumu dogo la mbele ya tela ulipandishe mpaka liache ardhi. Mshale utakuambia. Usisimame chini yake wala usiweke mguu.

Sasa angalia umeweka nini nyuma. Tairi la akiba la kilo 40 likining'inia mita 2.5 nyuma ya ekseli, na gololi iko mita 4 mbele ya ekseli hiyo, linakupunguzia kilo 25 kwenye gololi. Ongeza jenereta, ongeza dumu mbili za maji, na mkono umeshakuwa mwepesi kama ufagio. Vitu vizito viweke chini, karibu na ekseli, mbele yake kidogo. Na kama Land Cruiser yako umeinyanyua springi, gololi nayo imepanda, kampa inakaa imeinua pua na uzito unakwenda nyuma. Nunua tobaa ya kushuka, inayoteremsha gololi. Kampa ikae usawa au iinamishe pua kidogo tu.

Nikiwasha indiketa ya kushoto taa zote za nyuma za tela zinacheza disko. – Msomaji, Morogoro

Ethi. Ni waya wa ethi, kama wiki iliyopita, kama mwezi uliopita. Safisha pale waya unapofungwa kwenye chuma hadi king'ae, funga upya.

Probox inaweza kuvuta kampa? – Msomaji, Mbeya

Kuvuta inaweza. Kusimamisha ndiyo kazi. Ulaya na Afrika Kusini tela ikizidi kilo 750 lazima iwe na breki zake. Wewe unataka kushuka mteremko wa Kitonga na kampa inayokusukuma mgongoni. Hapana.

Tulikwama kwenye tope, rafiki yangu akafunga mkanda wa kuvutia kwenye gololi ya tobaa akanitoa bila shida. Kwa nini unakataza? – Msomaji, Karatu

Kwa sababu safari hiyo haikukatika. Gololi imetengenezwa kwa mvuto wa taratibu. Mkanda unaonyumbuka ukikurupushwa hukusanya nguvu, gololi ikichomoka hurushwa na mkanda ule ule, kipande cha chuma kinachopenya kioo cha gari na chochote kilicho nyuma ya kioo. Watu wamekufa hivi Australia, zaidi ya mara moja. Vutia kwenye ndoano ya kuvutia iliyofungwa kwenye chesisi. Na zile pete nyembamba chini ya magari kutoka Japani ni za kufungia gari melini, nazo usiziguse.

Minyororo ya usalama nipitishe sambamba au nipishanishe? – Msomaji, Nakuru

Pishanisha chini ya mkono wa tela, iwe kama machela. Kikombe kikiruka, mkono uangukie kwenye minyororo badala ya lami. Isiburuze chini, lakini ikuruhusu kukata kona.

Nitajuaje kikombe kimeshika kweli? – Msomaji, Tanga

Kikishajifunga, nyanyua mkono wa tela kwa jeki ya gurudumu la mbele. Nyuma ya gari ikipanda pamoja nao, kimeshika. Gari likibaki chini, ulikuwa unaelekea kwenye alizeti kama mimi.

Naona watu wanafunika gololi kwa mpira wa tenisi uliopasuliwa. Ina faida? – Msomaji, Kigamboni

Ipo. Unazuia vumbi kwenye grisi na unaokoa suruali za watu pale unapoegesha. Utoe kabla ya kufunga tela. Ndiyo, yupo aliyesahau.