Kona ya Shangazi: Filamu kwanza au kitabu?

*Shangazi, shikamoo. Kijana wangu wa kidato cha nne ameiona filamu ya Vuta N'kuvute kwa rafiki yake. Nimemnunulia kitabu, hataki hata kukifungua. Ati ya nini kuhangaika na kurasa zote zile na hadithi ashaijua? Nimlazimishe? – Mama wa Likoni*

Marahaba, mwanangu. Usimlazimishe. Nimesomesha Kiswahili miaka mingi, na sijaona mtoto aliyependa kitabu alichotiwa mdomoni kama dawa ya minyoo.

Lakini huyo kijana wako hajaijua hadithi. Ameijua saa moja na nusu ya hadithi. Adam Shafi kitabu chake kilitoka 1999, na Amil Shivji akaitoa filamu 2021, ikaonyeshwa kwanza Toronto, kisha Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Nami naisifu: taa zake, vichochoro vyake, Kiswahili chake kisichotafuna maneno. Shivji alifanya la maana, hakujaribu kukisomba kitabu kizima. Kawashika Yasmini na Denge, mapenzi yao na zile harakati za kumng'oa Mwingereza Unguja, mengine akayaacha yapite. Angefanyaje? Riwaya ile imejaa watu kama feri ya saa moja asubuhi.

Mimi niliiona na watoto wa kaka yangu, sebuleni, pazia tumeziteremsha. Nilikasirika dakika kumi za mwanzo, na sababu ni ya kitoto: Denge yule hakuwa Denge wangu. Wangu nimeishi naye zaidi ya miaka ishirini, namjua hadi kikohozi chake, ambacho nadhani nilimtilia mwenyewe. Usiku ule nikakitoa kitabu kabatini kuhakikisha bado yupo. Nakala yangu niliinunua kwa mtu aliyetandaza vitabu juu ya gunia kando ya barabara. Gundi imeachia, kurasa za katikati nimezifunga kwa uzi. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa mwanafunzi, kaandika kwa penseli pembeni: "dhamira", "mbinu rejeshi", "taswira". Basi unafika pale Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, amemtoroka mumewe, na Mwajuma kampokea kwake, mtaa wa Ng'ambo, Unguja. Hapo penseli imesahau mtihani. Imeandika tu: "mtu mzuri huyu."

Ndilo ninalotaka mwanao alipate, na halipatikani kwa kulazimishwa. Fanya hivi. Wakati wa chakula cha usiku, soma wewe, kwa sauti, pale Yasmini anapotoroka. Wasomee wadogo zake, yeye usimwangalie. Ukifika patamu, funga, ukaoshe vyombo. Mtoto wa kaka yangu mmoja anafanya kazi bandarini, kitabu kwake kilikuwa kitu cha kuegemeza mlango. Nikamsomea kurasa chache za Kuli, ile riwaya nyengine ya Adam Shafi ya 1979, ya makuli na mgomo wao. Akanipokonya. Alikimaliza kwa zamu tatu za usiku, akanirudishia kina alama za grisi. Sijamdai kipya.

*Shangazi, kila nikienda dukani kuulizia riwaya mpya naambiwa haijafika. Kwani vitabu vipya vina msimu kama maembe? – Kijana wa Kisauni*

Vina msimu, mwanangu, na wewe unaenda ukiwa umekwisha. Januari na Februari usimsumbue mwenye duka. Amezikwa na madaftari na vitabu vya kiada, mzazi mmoja ana orodha, wa pili amekuja na orodha ya mwaka jana. Subiri maonyesho makubwa ya vitabu ya Nairobi, ambayo huwa mwezi wa tisa. Wachapishaji wengi hungoja hapo kuzindua walivyo navyo. Huku kwetu vinaanza kudondoka Oktoba, viwili vitatu.

Ukiona huwezi kungoja, agiza kwa basi, ila sema kitiwe kwenye plastiki. Mimi nilitumiwa riwaya kwa kampuni moja ya mabasi, sitaitaja, ikafika imelowa ukingo mzima. Waliiweka chini ya boksi la samaki. Nilianika kwenye roshani siku nne, na hadi leo nikifika sura ya tatu nasikia njaa.

Na ukishakipata, usikibananishe na ukuta. Mji huu una unyevu na ukungu hauna heshima. Kiache kipumue, na utie majani makavu ya mwarobaini kabatini. Mama yangu alifanya hivyo, na misahafu yake haikuguswa na mdudu.

*Bi Shangazi, salaam. Barazani wanasema kuna binti wa hapa Mombasa kapata tuzo Marekani kwa kuandika habari za paka anayesema. Kweli au ni porojo za kahawa? – Mzee wa Makadara*

Kweli tupu, mzee wangu. Ni Khadija Abdalla Bajaber, na riwaya ni The House of Rust, iliyochapishwa Marekani 2021. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Ursula K. Le Guin, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kabisa kuipata. Msichana Aisha anaingia baharini kwa chombo cha mifupa, pamoja na huyo paka, kumtafuta babake mvuvi aliyepotea.

Kimeandikwa kwa Kiingereza, nami sitaficha kwamba hilo lilinichoma kidogo. Bahari ni yetu, majini ni wetu, hata paka ni wa Mji wa Kale, unamjua kwa jeuri yake. Nilikuwa nikisoma huku nalirudisha kila neno kwa sauti ya bibi yangu. Lakini nani wa kumlaumu mwandishi? Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, naye alitoa riwaya yake Paradise kwa Kiingereza 1994, na Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili 2022, kwa jina la Peponi. Miaka 28! Katikati hapo Gurnah mwenyewe alishapata Nobel, 2021. Kasome, mzee wangu. Ni fursa nadra kuingia Peponi na kurudi kunywa kahawa.

*Mwalimu wangu, shikamoo. Nami sasa nasomesha. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani na mkuu wangu anataka hema, vipaza sauti na mgeni wa heshima. Nina watoto arubaini. Nifanye nini? – Mwanafunzi wako wa zamani, Changamwe*

Marahaba. Hema mwachie mkuu. UNESCO iliitangaza siku hii Novemba 2021, na tarehe yenyewe inatokana na 7 Julai 1954, TANU, chama cha Nyerere kule Tanganyika, ilipokifanya Kiswahili silaha ya kupigania uhuru. Mgeni wa heshima atayasema hayo kwa saa nzima, nawe umeshayapata kwa mistari miwili.

Wewe walete watoto mjini. Wakalishe nje ya Ngome, hiyo Fort Jesus, upande wenye kivuli, uwasomee Muyaka bin Haji. Mshairi wa hapa hapa, wa enzi ya Wamazrui waliotawala Mombasa, aliyekufa yapata 1840. Waambie beti zile zilikuwa vichwani mwa watu, na kwamba Mwalimu Sikujua alizikusanya na kumfafanulia Mzungu aitwaye Taylor. Mzee Sikujua akafa 1890, na diwani ikaja kuchapishwa 1940, tena Johannesburg. Watoto wa Changamwe wanajua mashairi ya kujibia mtihani. Hawajui kwamba mtu aliyekuwa akipita vichochoro hivi alimtukana Sultani kwa mizani nane kwa nane.

Hawataelewa nusu ya maneno. Vizuri. Wagawe mafungu mawili walumbane: fungu moja litunge ubeti wa kuuliza, la pili lijibu kwa vina vile vile. Atakayepotea kwenye mizani akae chini. Utaona wanavyohesabu kwa vidole.

Julai ni kusi, manyunyu hayakosi, kwa hivyo mje na kitu cha kujifunika. Mimi niko Kibokoni, si mbali. Nambia siku mbili mbele, niumue unga wa mahamri ya watu arubaini. Mbaazi mtakuja nazo wenyewe.