Milano: Kata Kwanza Tiketi ya Leonardo

Wengi wanaokwenda Milano huanza na ndege na hoteli. Anza na tiketi ya kuona mchoro wa Karamu ya Mwisho. Leonardo da Vinci aliichora kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa wa Santa Maria delle Grazie, tena juu ya lipu kavu badala ya mbichi, na rangi ikaanza kubanduka yeye angali hai. Ndiyo sababu watu huingizwa kwa vikundi vidogo, dakika 15 tu, kupitia milango inayozuia vumbi na unyevu. Tiketi hutolewa mtandaoni kwa awamu na huisha upesi. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Kikundi chako kikishaingia bila wewe, basi. Jumatatu hapafunguliwi.

Ukishapata siku na saa, panga mengine kuizunguka. Kanisa kuu, Duomo, lilianza kujengwa mwaka 1386. Metro M1 na M3 zinakushusha uwanjani kwake. Usiishie ndani. Panda paani, utembee katikati ya minara ya marumaru. Hapo ndipo uzuri wote ulipo. Ngazi ni nafuu kuliko lifti. Mabega na magoti yafunikwe, la sivyo utarudishwa mlangoni. Kanga moja mkobani inatosha. Pale uwanjani, anayetaka kukufunga uzi mkononi "bure" atadai pesa baadaye, kwa hiyo usisimame.

Kwenye metro unagusisha kadi ya benki unapoingia na unapotoka, kadi ileile, kila msafiri na yake. Ukitua uwanja wa ndege wa Linate, metro M4 inakufikisha katikati ya mji. Uwanja wa ndege wa Malpensa ni mbali: chukua treni ya Malpensa Express, lakini soma kibao kwanza, kwa kuwa baadhi ya treni huenda stesheni ya Cadorna na nyingine ya Centrale.

Kahawa inywe umesimama kaunta, kama wenyeji. Ukikaa mezani karibu na Duomo, bei hupanda sana.

Bei za hoteli hupaa wakati wa wiki za mitindo, Februari na Septemba, na maonyesho ya samani mwezi Aprili. Agosti maduka mengi ya mitaani hufungwa, wenyewe wako likizo.

Ukibakiwa na saa mbili, nenda Castello Sforzesco, ngome ya kale. Ua wake ni bure, na kwa tiketi ya makumbusho utaiona Pietà Rondanini, sanamu ambayo Michelangelo alifariki kabla ya kuimaliza.