Jibu: Nimechanjwa, naweza kurudi kwenye meza ya saa?

Mzee mwenzangu, umeuliza kama ukishapata dozi ya pili ya chanjo ya korona unaweza kurudi kesho yake kutengeneza saa na wenzako. Ningekuwa wewe ningesubiri wiki mbili. Kinga haijengeki kwa usiku mmoja, na sisi wa miaka sabini kinga yetu nayo imestaafu kidogo.

Mimi nilitoa mkono wa kushoto makusudi, maana wa kulia ndio unaoshika kibanio. Usiku homa ikapanda, asubuhi bega zito kama gunia. Siku ya pili yake nilikuwa nimeinamia saa ya ukutani, peke yangu, nakaza skrubu ndogo kuliko punje ya mchele.

Ukichanjwa bado unaweza kuambukizwa na kuambukiza. Kinachopungua sana ni hatari ya kuugua vibaya. Kwa hiyo sisi tunakaa wanne tu, madirisha wazi, barakoa usoni. Kero ni miwani, inapata ukungu hadi gurudumu la saa hulioni! Bana ule waya wa barakoa puani, kisha kalisha miwani juu yake. Lenzi ya kukuzia, ile ya kubana jichoni ukitengeneza saa, msiazimane.

Halafu, kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie mchanjaji kabla hajachoma.