Uchovu baada ya kula kwa mwenye kisukari: pima kwanza, ndipo uamue

Wenye kisukari wengi tunaujua uchovu huu. Unakula saa saba mchana, na kabla ya saa tisa macho yamekuwa mazito, miguu haina nguvu, kichwa hakishiki jambo. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini, na mchana ndio wakati wateja wanapokuja kupima nguo zao. Kuna kipindi kazi ya kupachika mikono ya gauni nilikuwa naiahirisha mpaka jioni, maana mshono ulikuwa unakwenda upande na sindano iko karibu na vidole. Nyumbani waliniambia ni shibe. Mama mkwe akasema ni umri. Nesi wa kliniki ya kisukari ndiye aliyeniuliza swali la maana: "Mama, ukisinzia hivyo, sukari inasoma ngapi?"

Nami nakuuliza wewe hilohilo. Mwenye kisukari anaweza kuishiwa nguvu baada ya kula kwa sababu sukari imepanda sana, na anaweza kuishiwa nguvu kwa sababu imeshuka. Uchovu ni uleule, lakini tiba zake zinapingana: anayehitaji kunywa maji na kutembea si sawa na anayehitaji kulambishwa sukari sasa hivi. Kwa hiyo usikisie, pima.

Pima kabla hujaanza kula, kisha pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza. Hesabu kuanzia tonge la kwanza, si pale ulipomaliza kula. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri, hasa msimu wa maembe, kwa sababu maji ya embe yakibaki kidoleni mashine itayasoma kama sukari ya damu yako na utapata namba ya kukutisha bure. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Maumivu yanakuwa kidogo na bado utaweza kushika kazi. Kwa watu wazima wengi lengo la kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2 kwa kipimo cha mmol/L, na baada ya kula isifike 10. Mjamzito, mzee sana au mwenye matatizo ya figo hupangiwa lengo lake na daktari.

Siku nilipopima hivyo, kabla ya kula nilikuwa 7.1. Baada ya saa mbili mashine ilisoma 14.3, nami nikiwa nasinzia kitini.

Sahani yenyewe ilikuwa ile ya kwetu sote huku: ugali wa muhogo, migebuka ya mawese, na kisamvu kidogo pembeni. Migebuka haina kosa, samaki hapandishi sukari. Kazi ilikuwa kwenye ugali. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, protini yake ni kidogo mno, na tonge zake hushuka laini kiasi kwamba mtu hajui amekula kiasi gani mpaka bonge limeisha. Wanga huo hugeuka sukari na kuingia kwenye damu, lakini insulini, homoni inayoiingiza sukari kwenye misuli, ikiwa haitoshi au haifanyi kazi vizuri, sukari inabaki humo humo badala ya kuingia kwenye misuli. Misuli inakosa nguvu wakati damu imejaa sukari. Tena sukari ikizidi kama 10, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, na maji ya mwili hufuata. Ndiyo maana uchovu wa namna hii huja na kiu, mdomo mkavu, kwenda haja ndogo kila mara, na wakati mwingine macho kuona ukungu.

Sikuacha ugali, na sitamshauri mtu wa Kigoma auache. Nimeupunguza mpaka uchukue robo ya sahani, samaki au maharage robo nyingine, na nusu nzima ni mboga: kisamvu, matembele, mchicha, bamia. Mboga na samaki ndio naanza kula, ugali unakuja mwisho. Mpangilio huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda, kwa sababu wanga unakuta tumboni tayari kuna chakula kinachosagika polepole. Nikimaliza siketi. Natembea dakika kumi hadi kumi na tano chini ya miembe ya barabarani, mwendo wa kawaida tu. Misuli inayotembea inavuta sukari kutoka kwenye damu, na hili kwangu ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote.

Angalizo kuhusu mawese. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo sukari inaweza kuchelewa kupanda. Ukipima baada ya saa mbili ukakuta nzuri, halafu baada ya saa tatu ukawa hoi, pima tena. Na asali ile nzuri inayoletwa kwa treni kutoka Tabora ni sukari pia. Kuwa ni ya asili hakubadilishi namba kwenye mashine.

Sasa upande wa pili, ambao ndio unaonitia hofu zaidi. Shangazi yangu wa Ujiji anatumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari. Aliposikia ugali unapandisha sukari, akauacha kabisa mchana. Akameza kidonge chake kama kawaida, akala kipande cha samaki na mboga, akalala. Binti yake alimkuta amelowa jasho, mikono inatetemeka, anajibu maneno yasiyoeleweka. Kila mtu pale alijua shangazi "huwa anachoka akishakula". Mashine ilisoma 2.9. Kidonge kile husukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula wanga au hujala, na insulini ya sindano nayo hushusha sukari vivyo hivyo, umekula au hujala. Ukipunguza chakula bila daktari kurekebisha dawa, sukari itakwenda chini.

Ikisoma chini ya 4, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au soda ya kawaida nusu glasi. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia. Ikishapanda, kula kitu chenye wanga ili isishuke upya. Huna mashine karibu na una jasho, mtetemeko na njaa kali? Kunywa hiyo sukari, utapima baadaye. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni. Mlaze ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Wafundishe watu wa nyumbani kwako haya kabla hayajatokea. Sisi tulimfundisha hata mjukuu wa shangazi.

Ndugu zangu mnaofunga Ramadhani, nendeni kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dawa zipangwe upya. Futari ya uji wa sukari, tende na mihogo ya nazi kwa mpigo hupandisha sukari haraka mno, na wengi hudhani kinacholemea kwenye tarawehe ni njaa ya mchana.

Kuna pia wanaochoka na namba zao ziko sawa. Huo nao usiupuuze. Anayemeza metformin, dawa nyingine ya kisukari, kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12, na uchovu pamoja na ganzi za miguu ni dalili zake. Upungufu wa damu, figo, tezi ya shingo, usingizi wa kukoroma na kukatika pumzi, hata huzuni ya muda mrefu, vyote huchosha. Mwambie daktari avitafute.

Najua vijiti vya kupimia ni ghali na havipatikani kila siku. Hulazimiki kuvimaliza kwa wiki. Chagua mlo mmoja unaokuchosha zaidi, pima kabla na baada kwa siku chache, na uandike kwenye daftari: saa, ulichokula na kiasi chake, dawa uliyomeza, namba mbili, na ulivyojisikia. Dawa usiiguse mwenyewe. Nenda na daftari hilo kliniki, umwekee daktari mezani kabla hajakuuliza unaendeleaje, kwa sababu kipimo cha asubuhi kabla hujanywa chai anachokiona yeye hakimwonyeshi kinachokupata saa tisa mchana.