Pikapu inagonga mbele? Itafute sauti kwanza, spea baadaye

Pikapu ya zamani ikianza kugonga mbele, fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia shokapu. Wa pili atasema bushi, yaani ile mipira ya kwenye maungio. Wa tatu atataka afungue miguu yote ya mbele, nawe uende Ngamiani, hapa Tanga mjini, na orodha ndefu ya spea. Wote huenda wakawa wakweli, kwa sababu gari kuukuu halikosi kitu kilichochoka. Lakini kilichochoka si lazima kiwe ndicho kinachogonga, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mimi nabeba nazi kutoka upande wa Pangani kuja Tanga mjini kwa pikapu ya namna hiyo, na spea ya mbele siinunui mpaka ile ya zamani niishike kwa mkono na kuisikia inacheza.

Anza kwa kujiuliza inagonga lini. Upande usikushughulishe sana mwanzoni, maana chesisi ni chuma na sauti husafiri. Kitu kimelegea kushoto, wewe unakisikia chini ya miguu yako kulia. Ikigonga kwenye vishimo vidogo vidogo kwa mwendo wa taratibu, shuku linki na mipira ya stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kisha bushi za shokapu za juu na za chini. Ikigonga mara moja ukikanyaga breki, na mara nyingine ukiachia, tazama bushi za amu (mikono ya chuma inayoshikilia tairi kwenye chesisi) au kalipa (inayobana pedi za breki) iliyolegea. Ikigonga ukizungusha usukani gari limesimama, ni tairodi (fimbo zinazogeuza tairi), aidla amu (mkono unaoshikilia fimbo hizo upande usio na boksi), au boksi la stelingi limelegea kwenye chesisi. Na ikigonga unapoachia klachi au unapoingiza rivasi, huko mbele achana nako kwanza: kagua maunti (vikalio) za injini na krosi (maungio) za propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma.

Halafu tafuta kipande kibovu cha njia unachokijua vizuri, upite huku umegusa breki kidogo. Kelele ikinyamaza, ni pedi au kalipa inayochezacheza. Isiponyamaza, fungua linki za stabilaiza pande zote mbili, zifunge kwa waya zisining'inie, upite palepale kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukimya ukija hapo, kazi imekwisha, na linki ni miongoni mwa spea za bei nafuu. Ila usiende nayo safari hivyo, kwa sababu bila stabilaiza gari hulala sana kwenye kona.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halitaki jeki. Tairi ziwe chini, zimebeba uzito wa gari, injini imezimwa, ufunguo umefunguliwa ili usukani usijifunge. Mpwa wangu hukaa ndani akiutikisa usukani kushoto na kulia, kidogo tu, nami nalala chini mbele ya gari na kushika jointi moja baada ya nyingine.

"Mjomba, nizungushe zaidi?"

"Hapana, hivyohivyo. Polepole."

Jointi nzima husogea pamoja na fimbo yake, hukuti tofauti yoyote kiganjani. Iliyokufa inakupiga kidoleni: fimbo inaanza kwenda, jointi inachelewa, kisha inafuata kwa kishindo kidogo, tik. Kwenye gari langu masikio yote yalikuwa kwenye shokapu ya kulia, ila mkono ulikuta ni aidla amu, na shokapu hizo ninazo mpaka leo.

Baada ya hapo ndipo jeki. Huku kwetu pwani nyua nyingi ni mchanga, kwa hiyo weka ubao mnene chini ya jeki, ziba tairi za nyuma kwa mawe, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Mahali pa kuweka jeki pana maana. Kama springi au tosheni ba (fimbo inayojipinda badala ya springi) inakaa kwenye amu ya chini, inua kwa amu hiyo, karibu na boljointi, kile kiungo cha duara kinachoshika tairi kwenye amu. Kama inakaa kwenye amu ya juu, inua kwa chesisi. Ukikosea hapo, springi inaibana boljointi mbovu nayo inaonekana nzima.

Shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki, ni boljointi, na hapo gari lisitoke. Boljointi ikichomoka, tairi linalala na huna usukani tena. Usijidanganye kwamba utafika Muheza kwanza ndipo urekebishe. Kagua na mpira wake: ukichanika tu, mchanga na maji ya chumvi vinaingia, na grisi haikai.

Wenye Hilux za magurudumu manne za mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasihangaike kutafuta amu. Nyingi zina ekseli nzima na springi za mabapa mbele. Kule huwa ni bushi za springi na za shako (kishikio cha mwisho wa springi), yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zimelegea, au senta bolti inayoshika mabapa pamoja imekatika.

Jambo moja la kumsimamia fundi wakati wa kufunga. Bushi mpya za amu zenye mpira uliogandishwa kwenye chuma, nati zake zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limeshuka na limekaa kwa uzito wake. Zikikazwa amu ikining'inia, mpira unabaki umepindwa muda wote na unachanika mapema, kelele ileile inarudi. Spliti pini (zinazozuia nati zisifunguke) za zamani zisirudishwe, chukua mpya. Na ukigusa tairodi, boljointi au bushi za amu, peleka gari alaimenti, yaani kunyooshwa tairi, kabla halijala tairi.