Kabla hujaingiza shamba lako kwenye CRP

Tangu tununue ekari zetu kusini mwa Iowa, ndugu wa Kongo na Burundi walioko Des Moines hawaachi kuniuliza: ni kweli serikali ya Marekani inamlipa mtu ili asilime? Ni kweli. Mpango unaitwa Conservation Reserve Program, yaani CRP, na ulianzishwa na sheria ya kilimo ya 1985. Unaacha mahindi na soya, unapanda nyasi au miti, na kila Oktoba serikali inakulipa kodi ya pango ya ardhi yako, kwa miaka 10 hadi 15. Kwa sisi tuliotoka kwenye nchi ambazo shamba lisilolimwa jirani huanza kulimega, habari hii inachekesha.

Ila usiingize shamba zima. Kwa sheria ya 2018, katika maombi ya kushindania, malipo hayavuki asilimia 85 ya kodi ya pango inayokadiriwa kwa kaunti yako. Kipande kizuri basi kitakulipa zaidi ukikilima au ukikikodisha. Peleka CRP miteremko ambayo kila mvua inashusha udongo mtoni. Sisi tuliingiza mteremko tu, sehemu tambarare tunaendelea kulima. Kingo za vijito zina utaratibu wake, na kwa kawaida huombewa bila kushindana na mtu.

Uwe umemiliki ardhi angalau miezi 12. Kama kuna mpangaji anayeilima, kaa naye kwanza. Kanuni haziruhusu umwondoe ili malipo yote yawe yako.

Wengi wetu hatuna ardhi, tunakodi. Hapo ulizia mpango mwingine, EQIP, unaosimamiwa na NRCS, idara ya hifadhi ya ardhi katika wizara ya kilimo: unachangia gharama za uzio, maji ya mifugo, hata kitalu nyumba cha plastiki. Mpangaji anaweza kuomba, mradi ana haki ya kutumia ardhi kwa muda wote wa mkataba. Na kama hujafikisha miaka 10 kwenye kilimo, useme mapema, kwa sababu mchango unaweza kufika asilimia 90 na unaweza kuomba angalau nusu ya fedha kabla ya kununua vifaa. Usiposema, usitegemee afisa akubahatishie.

Kwa mpango wowote, anzia ofisi ya kaunti ya FSA, idara ya wizara ya kilimo inayohudumia wakulima, upate namba ya shamba. Utajaza fomu ya AD-1026 kuhusu ardhi inayomomonyoka na ardhi oevu, kisha CCC-941 ya kuthibitisha kwamba wastani wa kipato chako hauzidi dola 900,000. (Hiyo ya pili tulisaini huku tunacheka.) Mkalimani ni bure, omba. Na usichimbe hata shimo moja la nguzo kabla mkataba haujasainiwa na pande zote: kazi iliyoanza mapema hailipwi.

Ukishaingia CRP, zuia mikono. Hapa Iowa hufyeki kati ya 15 Mei na 1 Agosti, ndege wanaatamia. Magugu yakizidi, piga simu ofisini kwanza. Fedha yenyewe inatozwa kodi ya mapato, kwa hiyo usiitumie yote.

Ukivunja mkataba unarudisha yote uliyolipwa, pamoja na riba. Ukiuza shamba na mnunuzi akakataa kuupokea mkataba, deni ni lako. Kama unafikiria kuhama karibuni, afadhali ukodishe tu.