Mbuga ya Marsabit: saa mbili hazikutoshi

Ndugu, umeuliza kama saa mbili zinatosha kuingia Mbuga ya Kitaifa ya Marsabit na wazazi wako, mkiwa njiani kwenda Moyale. Hazitoshi. Mimi nilijaribu hivyo hivyo mara ya kwanza, nikaondoka bila kuliona Ziwa Paradise.

Kosa langu lilikuwa kuingia alfajiri na kutoka kabla ya saa nne. Marsabit ni mlima wa volkano uliosimama peke yake katikati ya nyika kame, jangwa la Chalbi upande mmoja na la Kaisut upande mwingine. Usiku hewa ya joto ya huko chini hupanda mlimani, ikapoa, ikawa ukungu, na ukungu huo ndio unaoulisha msitu. Tulifika ukingoni mwa Gof Sokorte Guda, shimo kubwa lenye ziwa hilo (gof ndivyo Waborana wanavyoita shimo la volkano), tukaona weupe mtupu. Tulisikia ndege tu, na matone yakidondoka kutoka kwenye zile ndevu za kijani zinazoning'inia matawini.

Mara ya pili nilikwenda na baba. Asubuhi tukazunguka Sokorte Dika, lile shimo dogo, na baada ya chakula cha mchana tukapanda na askari wa mbuga hadi Ziwa Paradise, ndani ya Guda. Safari hii anga ilikuwa safi. Kuta za shimo zimefunikwa na miti, na maji yametulia chini kabisa. Kwenye saa kumi nyati wakatoka msituni, kisha tembo, mmoja nyuma ya mwingine, kimya. Baba akanishika mkono. Alikuwa kijana mwaka 1970 Mzee Kenyatta alipoamuru Ahmed, tembo wa Marsabit mwenye pembe kubwa ajabu, alindwe usiku na mchana. Ahmed alikufa mwaka 1974. Nilipokuwa mdogo baba alinipeleka kuona sanamu yake pale Makumbusho ya Nairobi, na miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kufika alikotoka tembo huyo.

Barabara ya Isiolo hadi Marsabit, zaidi ya kilomita 250, ni lami nzuri. Ndani ya mbuga ni udongo, na ukilowa unateleza vibaya. Gari dogo tulilokodi mara ya kwanza, tukihakikishiwa linafaa, lilikwama tukalisukuma. Chukua Land Cruiser, na Aprili usiende kabisa. Lipia kiingilio kwa eCitizen (tovuti ya serikali ya malipo) mapema ukiwa bado na mtandao. Beba masweta, baridi ya juu kule itawashangaza wazee baada ya joto la Isiolo. Ukame ukizidi ziwa hupungua hata kukauka, kwa hiyo uliza kabla hujafunga safari.

Wabebee wazazi viti vya kukunja. Mimi sikubeba, na baba alisimama pale ukingoni karibu saa mbili, kila nikimwita garini ananiambia ngoja kidogo, kuna mwingine anatoka.